Ndege Bila Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huku Mtwara methali hiyo tunaiishi. Ukipeleka korosho ghalani unapimiwa, unaandikiwa kilo, daraja na tarehe, kisha unaondoka na stakabadhi yako mfukoni. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani kwetu mwaka 2007, wapo walioulaani na wapo walioutetea, lakini sijamsikia mkulima anayebisha kwamba kilo isiyoandikwa ni kilo iliyopotea. Gunia la korosho lina karatasi yake. Sululu aliyeruka kutoka kaskazini ya mbali mpaka ufukwe wa Msangamkuu hana hata mstari mmoja.

Leo nataka kugombana na watu wa nyumbani, yaani sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili. Mabadiliko ya tabianchi yanavuruga miadi ya ndege wanaohama. Wanasayansi wanalisema hilo kila mwaka, nasi tunatikisa kichwa kwa huzuni na kuendelea na ushairi wetu. Mimi nasema suala hili ni la fasihi kabla halijawa la maabara. Fasihi yetu imewaandika ndege miaka nenda miaka rudi bila majina na bila tarehe, na sasa ndege wanabadilisha ratiba, sisi hatuna cha kulinganishia.

Chukua hadithi fupi kumi za Kiswahili za miaka hii, hata hizi zinazoshindania tuzo. Hesabu mara ngapi utakutana na "ndege walikuwa wakiimba mitini". Ndege gani? Mti gani? Mwezi gani? Kimya. Halafu huku kwetu ukisema "ndege" mtu anakuuliza nauli ya Dar imefika ngapi. Darasani ndiyo balaa zaidi. Mwanafunzi wa kidato cha nne akiona ndege kwenye shairi anajua jibu la mtihani kabla ya kufika kituo cha kwanza: ndege anaashiria uhuru. Njiwa ni amani, bundi ni uchuro, tai ni nguvu. Basi, alama mbili. Ndege mwenyewe, mwenye damu na manyoya, anayekula kaa na kuogopa paka, hayupo popote katika somo hilo.

Na tusisingizie lugha. Kiswahili kina mbayuwayu, keremkerem, kitwitwi, shakwe, buabua, yangeyange, kulasitara, dudumizi. Ukiingia vijijini, bibi zetu wana majina mengine ya Kimakonde ambayo hayajafika kwenye kamusi yoyote. Kina sululu, jina moja na ile sululu ya kuchimbia, na ukiuona mdomo wake mrefu uliopinda huulizi kwa nini. Mhariri mmoja, simtaji, alinirudishia hadithi akiwa amefuta "sululu" na kuweka "ndege". Sababu yake: wasomaji watadhani ni kifaa cha ujenzi. Nikamjibu kwamba kifaa cha ujenzi hakitembei kwenye matope maji yakipwa. Hadithi ilitoka na "ndege". Hivyo ndivyo jina linavyokufa, kwa kalamu nyekundu ya mtu mwenye nia njema.

Sasa tuje kwenye miadi yenyewe.

Pwani yetu ina mabwana wawili, kaskazi na kusi. Kaskazi inavuma takriban Novemba hadi Machi, kusi inashika kuanzia Aprili. Majahazi ya Oman yalishuka kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, hilo kila mtoto wa shule anafundishwa. Ambalo hafundishwi ni kwamba upepo huohuo una abiria wengine. Yupo kozi wa Amur, kipanga mdogo anayezaliana mashariki ya mbali ya Urusi na kaskazini ya China. Hupitia kaskazini-mashariki ya India, huvuka bahari hadi Somalia, kisha huteremka mpaka kusini mwa Afrika. Safari ile ya juu ya bahari, maelfu ya kilomita bila pa kutua, anaifanya mwezi Novemba na Desemba upepo ukimsukuma mgongoni, na inadhaniwa njiani hula kerengende wanaovuka bahari hiyohiyo kwa upepo huohuo. Akifika bara anawakuta kumbikumbi waliotolewa ardhini na mvua za kwanza. Angalia mnyororo ulivyo mrefu: upepo, kerengende, mvua, kumbikumbi, kozi. Pete moja ikichelewa, zote zinasikia.

Yupo pia yule mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene kama koleo, anayekula kaa. Wanasayansi wanamwita Dromas ardeola. Anazaliana Oman, nchi nyingine za Ghuba, Eritrea na Somalia. Anachimba shimo mchangani, anataga yai moja tu, na joto la mchanga linamsaidia kuliatamia. Msimu wa kuzaa ukipita, wengi wao wanateremka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kwa maneno mengine, ana nyumba Uarabuni na riziki Uswahilini. Tumeandika maelfu ya kurasa juu ya uhusiano wa pwani hii na Uarabuni, mashairi, riwaya, tasnifu. Huyu anayeuendeleza uhusiano huo kila mwaka bila pasipoti, nani kamwandika? Wengi wanamjumlisha tu na vitwitwi, basi imetosha.

Ndege wanajuaje kwamba muda wa kuondoka umefika? Huko kaskazini, urefu wa mchana unabadilika sana kati ya majira na majira, na ndege wanausoma. Hapa Mtwara, tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka ni takriban saa moja na dakika kumi tu. Hata hivyo ndege aliye hapa mwezi Aprili anaanza kula kwa pupa, ananenepa, anatazama kaskazini. Mjerumani Eberhard Gwinner aliwaweka ndege kwenye vyumba ambamo mwanga na giza havikubadilika mwaka mzima, na bado waliendelea kunyonyoka manyoya na kuhangaika kutaka kusafiri kila msimu ulipowadia. Ndege ana kalenda mwilini.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kalenda ya mwilini inatoka kwa mababu, na urefu wa mchana haubadilishwi na moshi wa viwanda. Kinachobadilika ni theluji, wadudu, mvua na upepo. Ndege aliyeko Ruvuma hana simu ya kuambiwa kwamba Siberia mwaka huu theluji imewahi kuyeyuka. Anaondoka kwa barua ya zamani, anafika karamu imeshaliwa.

Hizi si hadithi. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Mholanzi Jan van Gils walichapisha kazi yao juu ya Calidris canutus, ndege wa jamii ya vitwitwi anayezaliana rasi ya Taimyr, Siberia, na kuishi Mauritania wakati wa baridi. Katika miaka 33 theluji ya Taimyr imekuwa ikiyeyuka mapema zaidi, wastani wa nusu siku kila mwaka. Zidisha mwenyewe: ni kama wiki mbili na ushee. Wadudu wanawahi, makinda wanakosa chakula bora katika siku zao za kukua, wanatoka wadogo wenye midomo mifupi. Wakifika Mauritania, chaza wazuri wamejichimbia chini na midomo haiwafikii. Wengi wanakufa kabla ya kutimiza miaka yao. Kosa limetokea Siberia, maiti inaokotwa Afrika.

Na msiseme Mauritania ni mbali. Taimyr hiyohiyo inazaa Calidris ferruginea, kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, na huyo ni mgeni wetu wa kila mwaka pwani hii ya Kenya na Tanzania. Yuko hapa, anadonoa matope yetu.

Huko Uholanzi kuna ndege mwingine mdogo, Ficedula hypoleuca, anayekaa Afrika Magharibi wakati wa baridi. Katika maeneo ambako viwavi wanawahi zaidi, idadi yake ilishuka kwa takriban asilimia 90 ndani ya miongo miwili. Mbayuwayu wa Uingereza, ambao hushinda Afrika Kusini, sasa wanarudi kwao takriban wiki mbili mapema kuliko miaka ya 1960. Wapo wanaoweza kuwahi, wapo wasioweza. Wasioweza ndio wanaokwisha.

Swali langu kwa wapenzi wa fasihi ni hili: hayo yote yamejulikanaje?

Sehemu kubwa yamejulikana kwa sababu watu wasio wanasayansi waliandika. Robert Marsham, mwenye shamba huko Norfolk, Uingereza, alianza mwaka 1736 kuandika siku mbayuwayu wa kwanza alipoonekana, siku chura wa kwanza alipolia, siku mti fulani ulipochipua. Alipokufa, watoto na wajukuu wakaendelea mpaka mwaka 1958. Henry David Thoreau, mwandishi wa Walden, alikuwa akizunguka Concord, Marekani, miaka ya 1850 akiandika siku kila ua lilipochanua. Baada ya karne moja na nusu, Richard Primack na wenzake walichukua kumbukumbu hizo wakaonyesha kwamba maua ya Concord sasa yanawahi kwa takriban wiki. Huko Kyoto, Japani, tarehe za maua ya micheri zimekusanywa kuanzia karne ya 9, na zimetolewa wapi? Kwenye shajara za watu wa ikulu, za watawa, na kwenye mashairi. Ndiyo, mashairi! Ndiyo maana mwaka 2021, maua yalipofikia kilele tarehe 26 Machi, watu waliweza kusema kwamba hayajawahi kuwa mapema hivyo katika miaka 1,200.

Mshairi wa Kyoto hakujua kwamba anapima joto la dunia. Alikuwa anaandika tu kwa adabu ya kazi yake: ua hili, mahali hapa, siku hii. Usahihi ulikuwa sehemu ya uzuri. Sisi uzuri tumeuweka upande mmoja na usahihi upande mwingine, kama wake wenza wasioonana.

Najua nitakavyojibiwa, kwa hiyo tujibizane kabisa.

Wa kwanza atasema: hiyo tabia ya kuandika siku na tarehe ni ya kizungu, sisi ni watu wa masimulizi. Hebu. Mabaharia na wakulima wa pwani hii walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi kwa miongo, siku kumi kumi, na baharia alijua mwongo gani wa kung'oa nanga na mwongo gani wa kukaa nyumbani. Huo ulikuwa uhasibu, tena mkali. Masimulizi peke yake hayatoshi, na nitawaonyesha kwa nini.

Nilizungumza na babu mmoja mvuvi wa Msangamkuu. Nikamwamkia, akaitikia, tukakaa. Akaniambia sululu wa siku hizi hawana adabu, wanakuja wanavyojisikia. Nikamuuliza, "Babu, zamani walikuwa wanakuja lini?" Akasema, "Zamani walikuja kwa wakati wake." "Wakati wake ndio lini, babu?" Akanitazama kama anayemtazama mtu wa bara. "Kusi ikianza kulegea, mjukuu wangu."

Jibu lile ni zuri, na ndilo lenye tatizo. Kalenda ya mdomo inapima jambo kwa jambo: sululu kwa kusi, kusi kwa bahari, bahari kwa samaki. Ilifanya kazi vizuri karne na karne kwa sababu vyote vilitulia mahali pake. Sasa vikisogea vyote pamoja, hakuna anayeona msogeo. Ni kama watu waliomo ndani ya jahazi moja wanatazamana, kila mmoja anaona mwenzake hajasogea, kumbe mkondo umewachukua wote. Lazima pawe na kitu kilicho nchi kavu cha kutazamia. Tarehe ndiyo nchi kavu. Mwongo wa Nairuzi ulikuwa nchi kavu. Wazee walikuwa na vyote viwili, masimulizi na hesabu; sisi tumebaki tunasifu masimulizi na hesabu tumeiacha.

Wa pili atasema: watu wanahangaika na maji na ada, wewe unatuletea habari za vitwitwi. Huyu namheshimu, maana anasema kwa uchungu. Lakini mvua anayoifuata kozi ndiyo anayoingoja mkulima wa Likombe. Msimu wetu ni mmoja tu, Novemba hadi Aprili. Hatuna vuli ya kutuokoa masika yakiharibika. Mkorosho unachanua kiangazi, na wakati huo mkulima anapuliza salfa dhidi ya ubwiriunga kwa kuhesabu siku. Mvua ikija siku isiyo yake, gharama anabeba yeye. Anayejua kwamba siku zimesogea, na zimesogea kwa kiasi gani, ana silaha. Korosho ina kituo chake cha utafiti pale Naliendele, kina madaftari. Upepo na ndege havina kituo huku kwetu. Wana sisi tu.

Wa tatu atasema: tuna hifadhi, serikali imeshafanya kazi yake. Ni kweli, Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ipo tangu mwaka 2000, na mikoko na matope yaliyomo ndani yake ni meza ya wageni hawa. Nashukuru. Lakini hifadhi inalinda mahali, haiwezi kulinda wakati. Unaweza kuweka mpaka wa ramani kuzunguka matope. Huwezi kuweka mpaka kuzunguka wiki ya tatu ya Aprili. Meza ikiwa tayari Jumatatu na mgeni akafika Ijumaa, hakuna askari wa hifadhi atakayelitatua hilo.

Wa nne, kijana, ataniambia simu inatosha, picha zipo. Picha zipo elfu tatu kwenye simu yako, na siku ikianguka chooni zimekwenda. Hata zikibaki, picha isiyo na jina la ndege ni picha ya "ndege waliimba mitini". Tumerudi palepale.

Tazameni jinsi tunavyokumbuka vitu vyenye jina na tarehe. Wazee wa kusini bado wanakitaja kimbunga kilichopiga Lindi mwaka 1952. Kimbunga Kenneth, tarehe 25 Aprili 2019, kiliingia nchi kavu Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na Mtwara nzima inakumbuka tahadhari ile na mbio zile, ingawa kilitupita. Hidaya alifika pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, na kila mtu anaweza kukueleza alikuwa wapi. Kimbunga kinapewa jina kabla hakijafika, kinaandikwa saa kwa saa. Mwezi huohuo wa Aprili, vitwitwi kwa maelfu wanaondoka pwani hii usiku, bila jina, bila saa, bila mtu wa kusema mwaka huu wameondoka wachache. Kimbunga kinabomoa kwa kelele. Hiki kingine kinabomoa kwa kutofika, na kutofika hakupigi kelele. Namna pekee ya kusikia kutofika ni kuwa umeandika kufika.

Kwa hiyo nadai, siombi.

Nadai mwandishi wa Kiswahili ajue majina kumi ya ndege wa mahali anapoishi kabla hajaandika sentensi nyingine yenye neno "ndege". Asiyejua aende akaulize wanawake wanaookota chaza maji yakipwa. Hao wanashinda kwenye matope yaleyale na ndege walewale, na wanaona kuliko kamusi. Nadai walimu waache kumuua ndege kwa neno "anaashiria" kabla mtoto hajamwona. Nadai kila shule ya pwani iwe na daftari moja la kurasa 96, safu nne tu: jina, mahali, tarehe, maji yalikuwaje. Mwalimu akihama, daftari libaki. Familia ya Marsham iliweza kwa miaka zaidi ya mia mbili. Shule ina uhai mrefu kuliko familia.

Na nawadai wahariri, wakiwemo wa kurasa kama hizi. Hadithi ikija na "ndege walikuwa wakiimba mitini", irudisheni. Muulizeni mwandishi kwa upole: ndege gani, juu ya mti gani, mwezi gani, kaskazi au kusi, bamvua au maji mafu? Akikosa jibu, sentensi ifutwe. Akijibu "sululu, Mikindani, tarehe 3 Septemba, maji yakipwa", msibadilishe hata herufi moja.